Jina la Boga Lawaka Kijani

Shika Adabu, Likoni
Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Kwa mjukuu wangu Mwanarehema,

Salamu nimekupa, zipokee, sasa tuingie kwenye maneno maana wino wa kalamu hii wakaribia kwisha na sina wa kumtuma dukani.

Barua yako ya juzi nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikufahamu hata neno. Herufi zako za Kiarabu ni kama kuku aliyekanyaga tope akapita juu ya karatasi. Mimi nilisoma chuoni juzuu tatu nikaolewa, na alif yangu mpaka leo imesimama wima. Weye umemaliza sekondari na alif yako yachechemea. Andika polepole. Za kizungu sizijui, na sitaki mtu wa kunisomea, maana humu kila mtu amekuwa sikio la Mwidani.

Sikiliza. Mwidani, nduguye marehemu babu yako, amekuja jana barazani na wazee wawili. Mimi nimo edani, nimekaa ndani ya pazia, wao nje. Akasema, "Shemeji, tumeona mirathi ya Faki isomwe. Boga hayuko duniani. Ninaye mtu aliyesafiri naye." Nikamwambia, "Boga ana mama. Angekufa ningejua." Akacheka. Alicheka, Mwanarehema, kwenye nyumba yenye msiba.

Wajua maana yake. Marehemu ameacha nyumba hii na shamba la minazi hapo nyuma. Mamako yuko mbele ya haki kitambo, na weye mtoto wa binti huna fungu. Aliyebaki ni mjombako Boga, aliyeondoka na meli mwaka wa sabini na nane kwa sababu yeye na babake walikuwa na vichwa viwili vya jiwe moja. Boga akiwa hai, Mwidani hapati hata kumbi la nazi. Boga akiwa amekufa bila mtoto, mimi nina robo, na yote yaliyobaki ni ya Mwidani. Hatanitoa kwa fimbo, yule. Atanijazia wapangaji mpaka nikose pa kutawadhia, nitoke mwenyewe.

Kadhi atasikiliza tarehe kumi na tano ya mwezi ujao.

Uliniambia kwamba kwenye hiyo mashine ya kazini kwako watu wa pwani waliotawanyika hukutana wakazungumza. Nikakwambia ni upuuzi. Bado ni upuuzi. Mtafute humo.

Usije huku. Ukija, Mwidani atajua tuna jambo. Simu nayo iko kwake, kwa hiyo usipige. Barua mpe Mutua wa mikate, aitie katikati ya mkate wangu kama hii ninavyompa. Mutua ni Mkamba, hana ndugu Likoni wa kumpelekea umbeya.

Bibi yako,
Mwanasaumu binti Kombo


Mkomani
Jumamosi, 9 Oktoba 1999

Bibi yangu, shikamoo.

Naandika polepole, na alif hizi nimezipigia rula.

Nimempata. Usiite mtu, soma kwanza mpaka mwisho.

Kompyuta ina programu ya kufungulia kurasa za dunia nzima, yaitwa brauza. Kwa brauza hiyo mtu huingia kwenye ukumbi wa watu wa pwani. Kila aliyejiandikisha ana ukurasa wake: jina lake, picha yake, na anakaa wapi. Nimetafuta jina la Boga Faki, likatoka moja. Boga Faki wa Likoni, akaaye Kadifu, ng'ambo. Picha ni ya mtu mzima mwenye paji la uso kama la marehemu babu. Chini ameandika: "Natafuta watu wa Shika Adabu."

Nimemwandikia mara tatu nikijitaja. Kimya.

Sasa kuna jambo jingine. Tajiri wangu, Nicanor, yule Mjaluo mwenye duka hili la kompyuta, ameletewa nyongeza. Ni kiprogramu kidogo ambacho hubandikwa juu ya brauza, kama mtu anavyotia taa kwenye baiskeli ambayo tayari inakwenda. Kazi yake ni moja. Kila jina lililo kwenye ukumbi hulitilia kitaa. Mwenye jina akiwa amefungua ukurasa wake wakati huo, kitaa kinawaka kijani, hata kama amejificha asionekane. Akitoka, kinazimika. Nicanor ameniambia, "Rehema, kijaribu wewe, kikiwa kizuri tutawawekea wateja."

Nimekijaribu kwake mwenyewe. Akakaa mashine ya pembeni, akafungua ukurasa wake, kikawaka. Akaufunga, kikazimika. Tukarudia mpaka akachoka.

Kisha nikafungua jina la mjomba. Kitaa kilikuwa cheusi mchana kutwa. Baada ya alasiri kikawaka. Bibi, nilipiga kelele mteja akadhani nimeshikwa na umeme. Aliwaka pale mbele yangu, kijani, muda wa mtu kunywa chai. Kisha akatoka.

Yu hai, Bibi.

Mjukuu wako,
Mwanarehema


Shika Adabu
12 Oktoba 1999

Mwanarehema,

Nilipoisoma nilisujudu. Nilipoinuka nikakasirika.

Hicho kidude ni cha kuchungulia. Mtu amefunga dirisha lake, weye umetoboa ukuta. Aliyekitengeneza hakulelewa, na anayekitumia ana dhambi. Usikibandue.

Mwandikie hivi, wala usitie nakshi: "Boga, ni mamako Mwanasaumu. Nina haja nawe. Jibu." Basi. Usimwambie kwamba babake amekufa. Habari ya msiba haipelekwi kwa mashine, hata kwa barua haipelekwi. Mtu huenda, huketi, huulizwa "habari za huko," hujibu "njema," na mwenyewe kwa ile sauti akafahamu. Ndivyo tulivyolelewa. Yeye aje, nimwambie mimi.

Na kwenye hiyo picha, amenenepa au amekonda? Amevaa kofia? Hukuandika. Mambo ya maana huandiki.

Bibi yako


Mkomani
20 Oktoba 1999

Bibi, shikamoo.

Amekonda. Kofia amevaa, ya kufuma, ya baridi.

Maneno yako nimeyapeleka kama ulivyosema. Jioni kitaa kikawaka. Nikakaa namngoja. Hakujibu. Nikamwandikia tena palepale, "Mjomba, nakuona umo humu, jibu neno moja tu." Kitaa kikazimika hapohapo, kama mtu aliyepuliza kibatari aliposikia hodi.

Tangu siku hiyo ndiyo mchezo wetu. Anaingia, namwandikia, anakimbia. Jana hakuingia kabisa, na nimekaa nikifikiri nimemfukuza mimi.

Bibi, pengine ana sababu. Pengine ana deni na watu wa huko, au ni mgonjwa. Sijui. Ninachokijua ni kwamba maneno anayaona.

Jael, mkewe Nicanor, ananiambia nipunguze, mtu akisukumwa sana hufunga komeo. Yeye ni mtu wa kanisani, mpole, hujua kukaa na watu. Lakini tarehe ya Kadhi haitungoji.

Niambie nifanye nini.

Mwanarehema


Shika Adabu
24 Oktoba 1999

Mwanarehema,

Nifanye nini, nifanye nini. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja na kumnyonyesha mwingine, wala simwulizi mtu nifanye nini.

Leo asubuhi Mwidani ameleta fundi. Mimi nimo ndani, nasikia utepe wa kupimia ukiburutwa ukutani kwangu. Fundi auliza, "Mlango wa pili tuutoboe wapi?" Mwidani amjibu, "Hapo kwenye chumba cha mama, yeye mtu mmoja hahitaji chumba kikubwa." Nikapaza sauti nyuma ya pazia: "Mwidani! Mimi bado nina eda ya nduguyo, na weye ushaanza kutoboa nyumba kama panya?" Fundi akakusanya vitu vyake. Ana haya kuliko aliyemleta.

Kwa hiyo Boga anakimbia mamake. Vyema. Simbembelezi. Sikumbembeleza akiwa na meno ya maziwa, sitambembeleza akiwa na mvi. Ile desturi niliyokwambia, iache. Asiyetaka kupewa habari kwa adabu, atupiwe. Mwandikie neno kwa neno:

"Babako amefariki, na wewe umekaa kimya. Mtu gani asiyemlilia babake?"

Usilainishe hata herufi moja. Nitajua.

Bibi yako


Mkomani
1 Novemba 1999

Bibi, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hofu ya kuyapeleka. Ijumaa nikayapeleka. Leo mchana nimepata jibu, la kwanza. Nalinakili kama lilivyo:

"Najua. Nilimzika mimi kwa mikono yangu. Usiniandikie tena."

Basi, hakuna jingine.

Bibi, sikulifahamu. Babu tumemzika hapo Shika Adabu, na Boga hakuwapo. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Amemzikaje?

Mwanarehema


Shika Adabu
4 Novemba 1999

Mwanarehema,

Weye hulifahamu kwa sababu hukuwahi kuona ugomvi wa Boga na babake. Mimi nililifahamu kabla Mutua hajageuza gari lake.

Anasema alimzika babake zamani. Alimzika moyoni siku ile alipopanda meli. Kwake yeye, Faki alikufa mwaka wa sabini na nane, na sasa wanamwambia amekufa mara ya pili, ajibu nini? Ndivyo alivyo huyo. Ulimi wake ni wembe, na mwenye kuunoa ni babake mwenyewe.

Nilikaa na hiyo karatasi juu ya magoti mchana kutwa. Mtoto uliyemzaa anakwambia alimzika babake kwa mikono yake, ati usimwandikie tena.

Lakini pia nilicheka, Mwenyezi Mungu anisamehe. Maiti haitukani. Aliyejibu hivyo yu hai, ana damu, ana hasira, ni wangu. Tarehe kumi na tano nitasimama mbele ya Kadhi niapie Msahafu kwamba mwanangu Boga yu hai. Nimetaka ruhusa kwa kuwa nimo edani, nimeambiwa nitoke mchana kwa dharura hiyo, nirudi kabla jua halijatua. Mwidani nimeshamwambia usoni, kwa pazia. "Nitaapa," nikamwambia. Nikamsikia akivaa viatu. Kisha akasema, "Apa, shemeji. Wallahi mimi sikuzuii." Aliisema polepole, kama anayenipisha njia.

Sikuipenda sauti yake. Lakini nitaapa.

Bibi yako,
Mwanasaumu


Mkomani
9 Novemba 1999

Bibi yangu mpenzi, shikamoo.

Nakuomba usiape bado.

Nisikilize. Jana Nicanor alikwenda benki akauacha ukurasa wake wazi. Mimi nilikuwa upande wa pili na ile nyongeza. Nikaona kitaa cha Nicanor kinawaka kijani, kimetulia, kama yumo. Nikainua kichwa kumwuliza jambo. Kwenye kiti alikaa Jael, mkewe, anaandika barua ya kwaya yao. Mashine ilisema ni Nicanor, na Nicanor alikuwa mjini kwenye foleni.

Kwa hiyo nilikijaribu vibaya, Bibi. Siku ile tulimjaribu Nicanor akiwa ndiye aliyekaa. Hatukujaribu mtu mwingine akikaa kwenye kiti chake. Kile kitaa kinajua ufunguo umefungua mlango. Mkono ulioushika ufunguo hakiujui.

Nimemwuliza wa Kadifu swali. Nangoja jibu. Mwombe Kadhi akupe muda.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwanarehema


Shika Adabu
Alhamisi, 11 Novemba 1999

Mwanarehema,

Amekulipa nini?

Nauliza, maana barua ya kwanza yu hai, ya pili yu hai, barua zote yu hai, na zimebaki siku chache mimi kusimama, mara mashine haijui mkono. Mwidani ana watu mpaka Mkomani? Au amekuahidi chumba akishanitoa?

Umeniambia mwenyewe alijibu kwa ulimi. Nani mwingine angesema maneno hayo? Mwizi? Mwizi aingie kwenye ukurasa wa mwanangu aanze kugombana na mamake? Na hata kama ni mwizi, basi mwanangu yu hai na ameibiwa.

Na hilo swali, ni swali gani? Mbona hukuliandika? Nakujua tangu ukiiba sukari. Ukificha kitu, maneno yako huwa mafupi na mwisho waniita mpenzi.

Jumatatu naapa. Ukiwa na neno, liandike lote. Kama huna, kaa kimya na usinipunguzie nguvu.

Mwanasaumu binti Kombo


Mkomani
Jumamosi, 13 Novemba 1999

Bibi,

Mutua amefiwa na mkwewe, amekwenda kwao Kitui. Barua hii amekuletea Jael. Nimemwomba aketi nawe mpaka uimalize. Mwenye kufika kutoa pole hazuiwi na mtu, hata Mwidani hawezi.

Nilipokuandikia kwamba nangoja jibu, nilikuwa nimeshalipata. Nilikuficha. Nilisema nitakuja mwenyewe nikwambie, nikatoka mara mbili mpaka Kongowea, nikarudi. Sina uso wa kukutazama nikisema haya.

Nilimwandikia hivi: "Wewe ni Boga, au umekaa kwenye kiti cha Boga?" Akajibu. Nanakili yote:

"Mimi si Boga. Boga ni baba yangu. Amekufa mwezi wa tatu, mapafu. Mimi naitwa Faki, nina miaka kumi na tisa. Ukurasa ni wa baba, aliufungua akiwa mgonjwa, atafute nyumbani. Hakupata mtu. Mimi naufungua kila jioni nikitoka chuo, naangalia picha yake, nafunga. Kisha wewe unasema ni mama yake. Baba aliniambia mama yake hawezi kuwa hai, yeye angemtafuta. Nikafikiri ni watu wa kucheza. Kisha unaniandikia baba yako amefariki na mtu gani hamlilii baba yake. Nililia sana hiyo siku. Nani anasema maneno hayo kwa mtu?"

Bibi, aliyejibu hakuwa mjomba akimtukana babu. Alikuwa ni mtoto, akijibu kuhusu babake yeye. Tulimwandikia baba, akasoma mwana.

Usiape. Ukiapa yu hai utakuwa umeapa uongo juu ya Msahafu, na Mwidani anajua. Ndiyo maana alikupisha. Yule mtu wake aliyesafiri na mjomba yuko tayari kusimama baada yako, uonekane mwongo mbele ya Kadhi na neno lako lisisikilizwe tena.

Nisamehe kwa habari ya kifo cha mwanao kukufikia kwa karatasi.

Mwanarehema


Shika Adabu
Jumanne, 16 Novemba 1999

Mwanarehema,

Jumamosi baada ya adhuhuri nasikia Mwidani nje akiuliza, "Wamtaka nani hapa?" Sauti ya mwanamke, ya bara, yamjibu, "Nimekuja kutoa pole." "Pole ya nani? Wewe si wa hapa." "Pole haina kabila, mzee." Mwidani akaondoka mlangoni. Akaingia mama mrefu, amefunga kitambaa, amevua viatu nje bila kuambiwa. Akaketi mkekani, akanipa karatasi, akatazama chini. Nilipomaliza kusoma hakuniambia nyamaza, hakuniambia Mungu ndiye ajuaye. Aliniuliza, "Mama, jiko liko wapi?" Akaenda akapika uji, nikaunywa. Huyo Jael amelelewa. Weye ulikuwa Kongowea.

Nitakuja kwenye hilo.

Jumatatu nimekwenda kwa Kadhi na buibui langu, uso nimeufunika. Mwidani amekaa mbele, kanzu imepigwa pasi, na pembeni yake mzee aitwaye Jefwa, baharia wa zamani, miguu imevimba. Kadhi akaniuliza kwa upole, "Bi Mwanasaumu, nimeambiwa wataka kuapa. Mwanao Boga yu hai?"

Nikasema, "La. Mwanangu amekufa."

Mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wangu, nililisemea pale, mbele za watu. Mwidani kinywa wazi, kama aliyeusukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa. Kisha akafanya haraka: "Alhamdulillahi, shemeji amekiri, basi Jefwa hana haja ya kusema, tusimchoshe mzee."

Hapo ndipo nilipojua kwamba Jefwa ana kitu.

Nikasema, "Ana haja. Mimi ni mama wa maiti. Nina haki ya kujua mwanangu alizikwaje." Kadhi akasema, "Ana haki." Jefwa akaapishwa. Akasimulia, meli, Kadifu, mapafu, hospitali. Nikamwacha amalize.

Nikamwuliza, "Aliyemwosha ni nani?"

"Ni mimi, mama, na wenzangu wawili wa msikiti."

"Mmefanya wema. Mungu awalipe. Na aliyeshuka kaburini kumpokea?"

Wajua, na kila mtu mle ndani alijua, ashukaye kaburini ni wa damu, akiwepo. Jefwa akamtazama Mwidani. Mwidani akatazama viatu vyake.

"Jefwa," nikamwambia, "mtu wa Mwidani ulikuwa huko nje. Humu ndani umeapa."

Akajifuta uso. Akasema, "Mwanawe."

"Jina lake?"

"Faki. Alimpa jina la babake."

Babu yako alikufa akidhani mwanawe amemtupa, na huku kuna mtu ng'ambo anaitwa kwa jina lake kila siku akale.

Kadhi akamwuliza Jefwa kama mamake kijana aliolewa. Jefwa alikuwa ameshaanza, hakusimama tena. Akasema ni Msomali wa huko huko, nikahi ilisomwa, yeye mwenyewe alikuwa shahidi na pilau aliila. Mwidani akainuka akasema ati hakujua. Kadhi akamwambia keti. Ameamua nyumba na shamba visiguswe na mtu mpaka karatasi za kijana zifike, cheti cha nikahi ya wazazi wake na cha kuzaliwa. Zikiwa sawa, mwana wa mwana anasimama pahali pa babake, na nduguye marehemu hana kitu.

Tulipotoka, Jefwa alinifuata nje anataka radhi. Ati Mwidani alimwambia, "Sema la kifo tu, wakikuuliza mengine sema hukumbuki." Nikamwambia, "Umemwosha mwanangu. Radhi unayo. Lakini usikanyage kwangu mpaka hasira ishuke."

Sasa weye. Ulificha, ukaniacha nikikuita umenunuliwa, na ningeapa. Kwa hilo nimekasirika, na nitakasirika mpaka mfungo uishe. Lakini hukulala na uongo wako mpaka Jumatatu. Watu wengi wangelala.

Njoo. Mwidani akikuona, na akuone. Njoo na hiyo anwani ya Kadifu, na kalamu iandikayo, maana hii niliyo nayo yakwaruza. Na mwambie Jael sufuria yangu ameiosha vizuri.

Bibi yako


Shika Adabu, Likoni
Jumapili, 21 Novemba 1999

Kwa Faki wa Boga wa Faki,

Mimi ni Mwanasaumu binti Kombo. Nimemzaa babako kwenye chumba hiki ninamoandikia. Binamu yako Mwanarehema ataiandika barua hii upya kwa herufi unazozijua, kisha atie na yangu, uione mkono wangu. Nimemkataza kukutumia kwa mashine. Mashine imeshatusemea vya kutosha.

Yale maneno niliyokutupia, kwamba mtu gani asiyemlilia babake, hayakuwa yako. Nilimrushia mwingine yakakupata wewe. Nayaondoa. Sina desturi ya kuondoa maneno, waulize watu wa hapa. Hayo nayaondoa.

Karatasi mbili Kadhi anazitaka, Mwanarehema atakueleza. Mamako asikudanganye kwamba zimepotea. Wanawake tunajua zilipo. Msalimie. Mwambie aliyemuuguza mwanangu akiwa mbali na mimi, siku akifika hapa hatapika, atapikiwa.

Ulisema babako alikwambia mimi siwezi kuwa hai, kwa kuwa angekuwa hai angenitafuta. Sikumtafuta kwa kuwa mume wangu alisema mtoto ndiye anayerudi, mzazi haendi, nami nikakubali kwa sababu ilinipendeza kukubali. Sasa wote wawili wameondoka, na mimi nimebaki na huo ubishi, sina wa kumpa.

Huna haja ya kukaa huku. Soma masomo yako. Nyumba haikimbii. Lakini uje mara moja, kwa miguu yako, niuone huo uso kabla sijafumba macho. Wasema Kiswahili kama mtu aliyekula chakula cha moto, lakini kinafahamika. Tutakirekebisha.

Majirani wamekuja. Wameshasikia kwa Kadhi, Likoni hakuna siri. Wanauliza matanga ya Boga yawekwe siku gani, ili walete mchele wao, waje walie nami, wamalize, warudi makwao. Tangu ile Jumamosi sijamlilia, na wao waona si kawaida.

Nimewajibu wangoje. Mwenye matanga hajafika.

Bibi yako